Tangazo la Karabai

Rangi ilikuwa bado mbichi, na mama wa makumbusho alikuwa ameshanyoosha kidole.

"Mama, usiguse!" fundi akaropoka. Kisha, kwa sauti ya chini: "Ukuta wenyewe unabomoka. Utakuangukia bure."

Mama yule akarudisha mkono, akamtazama fundi juu ya miwani, akautazama tena ukuta. Kwenye ghala lile kuukuu, nyuma ya mashine ya kusaga, palisomeka kwa herufi zilizopauka: KARABAI YA NYOTA, USIKU WAKO MCHANA. Chini yake palikuwa na taa iliyochorwa, nusu imefutika. Ungeapa ilipigwa jua miaka na mikaka.

Ilikuwa imepigwa msasa jana alfajiri. Ikanyunyiziwa maji ya majani ya chai, ikapakwa jivu. Fundi alikuwa ameyafanya yote hayo kwa mikono yake, na sasa alisimama pembeni ya mkewe, roho mkononi, akiomba kimoyomoyo mgeni aondoke.

Hakuwa tapeli. Alikuwa mwandika mabango, tena hodari. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalivaa mwandiko wake. Kisha wakamzika mtoto wao wa pekee, Kidoti, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila akitoka kumwona baba yake kazini hakukosa tone la rangi puani. Tangu siku ile nyumba ikajifunga. Chakula kilipikwa, kikapoa. Mkewe hakuvuka kizingiti. Alikaa kando ya kitanda kutwa, akimtazama mumewe. Fundi aliacha kazi, kwani angemwachaje mwanamke peke yake na msiba ule? Brashi zikakauka zikawa kama vijiti. Zamani waliitana Mama Kidoti, Baba Kidoti. Sasa hakuna aliyethubutu, ikabaki "wewe".

Hadi siku waliyokwenda zahanati. Wakiwa njiani kurudi, mkewe akasimama ghafla. Kwenye ubavu wa jengo moja palikuwa na tangazo la baiskeli, la kale kweli, limebaki kivuli tu.

"Tazama," akasema, na akatabasamu. "Natamani nione jingine kama hili."

Mtaa mzima haukuwa na jingine. Fundi alitafuta mpaka soli zikaisha, kisha akarudi nyumbani akalowesha brashi zake.

Tangu hapo mkewe alitoka kila wiki, mkoba begani, simu mkononi, kutafuta maandishi ya zamani. Na kila wiki, Mungu si Athumani, aliyapata. Fundi aliyashika moyoni yale matabasamu yote. Lakini uongo una kazi yake. Ulimtia woga mchana kutwa, hata akili ikaanza kumruka: brashi alizoacha chafu nyuma ya tangi la maji asubuhi, jioni alizikuta safi, wala hakukumbuka kuziosha. Mkewe akijua, alijiambia, akijua tu kwamba hata hicho kidogo kinachomfurahisha ni cha kughushi, atarudi chumbani na hatatoka tena.

Njia ya mwongo ni fupi. Picha za mkewe zilipita simu hadi simu, zikamfikia mama huyu wa makumbusho. Alipopiga simu, mkewe alimzungusha: mara anaumwa, mara mvua. Fundi alidhani ni kuona haya tu, akashukuru. Leo asubuhi mgeni akaamua kuja kubisha hodi mwenyewe, na akataka kuonyeshwa lile tangazo lililopatikana karibuni kabisa.

"Simama huku, mama," mkewe alikuwa akisema sasa, amejiweka kati ya mgeni na ukuta. "Huku ndiko kwenye mwanga. Piga picha kutoka huku."

Mama hakusogea. Kidole chake kilifuata kitu hewani, taratibu, kikachora mraba.

Fundi akakifuata kidole kile kwa macho. Pale katikati zamani palikuwa na dirisha. Lilizibwa kwa matofali ya saruji, mapya kabisa, na herufi zake zilipita juu ya matofali yale bila hata kukatika. Gizagiza la alfajiri lilikuwa limemponza. Taa ya enzi za babu, juu ya tofali la mwaka jana!

Mama akageuka. Akazitazama kucha za fundi. Fundi akazificha mfukoni, akamkazia macho ya kumsihi.

Mashine ya kusaga ikanguruma, ikanyamaza.

"La zamani sana hili," mama akasema mwishowe. "Hongereni."

Fundi alitaka kulia. Akasingizia kiatu, akainama kufunga kamba huku wanawake wakitangulia kuelekea kwenye gari la mgeni. Fundo lilikataa kukaza. Amepona. Wamepona wote wawili. Alikuwa bado ameinama aliposikia sauti zao ng'ambo ya kona.

"Dada, samahani, lakini siwezi kukuficha. Rangi ile ni ya juzi."

"Ya jana," mkewe akajibu. "Brashi nimeziosha mwenyewe. Nakuomba, mama, nakupigia magoti, asijue kwamba najua. Baba Kidoti alikuwa haamki hata kunawa uso, mpaka nilipojifanya nayapenda."