Bangili za Ubia

Mwanakheri na mumewe, Sefu, walikuwa wabia katika duka la kushona mapazia. Mwaka huo walichelewa siku tatu kuwasilisha ritani ya kodi ya ubia, kwa kuwa Sefu alikuwa amelazwa.

"Sheria haijui wodi," afisa aliwaambia huku akiwavisha bangili.

Adhabu ilikuwa moja kwa wabia wote: kwa kila siku ya kuchelewa, mwezi mzima bila kusemezana. Ukimtamkia mwenzako neno, bangili inawaka, wakaguzi wanapata taarifa na siku inaongezwa.

Wiki nne walikula wakitazamana tu. Asubuhi ambayo Sefu alitakiwa kurudi hospitali kupasuliwa moyo, Mwanakheri alimwona akishindwa kufunga vifungo vya shati.

"Baba Nuru, unaogopa?"

Bangili ikawaka. Sefu akamziba mdomo kwa kiganja. Mkewe akakiondoa taratibu.

"Waongeze wanavyotaka. Huondoki leo bila kunisikia."

Sefu akavuta kiti, akaketi. "Naogopa sana, Mama Nuru."

Wakazungumza hadi chai ikapoa, mikono yao ikimetameta nyekundu. Ndipo mlango ukagongwa kwa nguvu.

"Wakaguzi wa ubia! Fungueni!"

"Subirini hapo nje," Mwanakheri akajibu bila kuinuka. "Mume wangu bado anaongea."