Kitanda cha Nyumba ya Bi Zuwena

Kwa jina la Mola aliyeumba maradhi na tiba yake. Alikuwako Bi Zuwena, mjane wa Bondeni, na Mbaruku, mwanawe wa pekee. Zama hizo kodi ya majengo ndiyo iliyojenga wodi mpya, na kila nyumba ilikuwa na kitanda kimoja hospitalini. Mwenye nyumba ndiye aliyechagua wa kukilalia. Bi Zuwena mwenyewe alipita mlango kwa mlango kuwasihi majirani waikubali kodi hiyo.

Mwaka mmoja kabla ya kuugua, alimpa Mbaruku nyumba kwa hiba, mbele ya mashahidi, ili asitaabishwe na mirathi. La kitanda kwenda pamoja na nyumba halikumpitikia akilini.

Ugonjwa wa moyo ulipomlemea, alijikongoja hadi hospitalini. Lango lenye kamera likamtazama usoni, likasema kwa upole: "Shikamoo, bibi. Kitanda cha nyumba yenu kina mgonjwa."

"Mgonjwa ni mimi!" Akampigia simu mwanawe.

"Nimemweka baba mkwe, mama. Mguu unamsumbua. Bila hivyo wasingeniozesha binti yao."

"Mguu! Mimi ni moyo, Mbaruku."

"Vumilia kidogo. Wewe si mkakamavu?"

"Siku ya hiba ulinibusu mikono ukilia. Ulikuwa ukililia nini?"

Simu ikakatika. Lango likamwomba awapishe wenye vitanda. Bi Zuwena akaketi chini, mgongo ukutani mwa wodi, akainua viganja.

"Ee Mola, waafu waliolala humo ndani, hata huyo wa mguu. Na utakaowabakisha nyuma yangu, wape afya, wasije wakawahitaji watoto wao. Amina."