Mkunjo wa Shoto

Alifunga mlango kwa komeo, ndipo akafungua sanduku. Ndani walilala vipepeo wa safari nzima, kila mmoja kwenye kipande chake cha gazeti kilichokunjwa pembetatu. Hakuwatazama vipepeo. Alitazama mikunjo.

Kazi yake katika jumba hilo la makumbusho ilikuwa kutenganisha vipepeo wanaofanana. Na mikono ya waliowanasa aliijua pia, maana tangu aolewe masanduku yaliletwa na watu wawili tu: mumewe na shemeji yake, mapacha waliofanana kama shilingi kwa ya pili. Shemeji alitumia mkono wa kushoto, hata jina lake likasahaulika, akabaki Shoto. Pembe za karatasi zake zililalia kushoto. Za mumewe zililalia kulia.

Sasa mmoja wao alikuwa kaburini. Aliteleza kwenye maporomoko ya maji wakiwa kazini, na mto ulimrudisha akiwa hana sura. Watu wote walijua kwamba aliyezikwa ni Shoto.

Mwanamke huyu na pacha aliyerudi hai tu ndio waliojua vingine. Alikuwa amechoka kuja kazini na shavu lililovimba, na Shoto alikuwa amechoka kuliona. Wakapanga. Mume asukumwe, Shoto arudi na jina lake, nguo zake na mke wake.

Siku ya mazishi, walipobaki wawili jikoni, alimshika mkono yule aliyerudi, akamnong'oneza, "Shoto, alikuona?"

"Hakuniona," alijibu.

Tangu hapo nyumba ilitulia. Mbele ya wageni mwanamume alishika kijiko kwa kulia. Wakibaki wawili, mkono wa kushoto ulijisahau, na mwanamke alimpiga kikofi cha mzaha. "Kulia, wewe! Utatuponza."

Lakini hii ilikuwa safari ya kwanza ya mwanamume huyo peke yake. Porini, kipepeo akipapatika vidoleni, mkono haukumbuki kuigiza. Mkunjo mmoja tu wa kushoto ungetosha kuwafikisha pabaya.

Mlango ukagongwa.

"Umejifungia na wadudu, binti, au na mchumba?"

Alikuwa mkuu wake, mama mmoja mtu mzima waliyemwita Bi Darubini, kwa sababu lenzi yake haikumtoka kwenye paji la uso hata wakati wa chai.

"Ni upepo, mama. Unapeperusha mabawa," alisema, akamfungulia.

Bi Darubini hakuketi. Aliweka vipepeo wawili mezani, wote rangi ya machungwa, ncha za mabawa nyeusi. "Haya, mtaalamu. Mwenye sumu nani?"

"Huyu. Ana madoa matatu katikati ya bawa la nyuma. Mwenzake ana moja tu, pembeni."

"Na huyo wa doa moja?"

"Hana sumu. Anamwiga mwenzake. Ndege wanamwogopa bure."

"Mjanja! Sura ya jambazi, moyo wa bibi harusi." Bi Darubini alicheka mpaka lenzi ikamwangukia puani. Kisha akashusha sauti. "Kama mumeo wa siku hizi. Tangu msiba sijakuona na alama."

"Msiba hufunza, mama."

"Mh. Asiyefunzwa na mamaye." Macho yake yalikuwa kwenye sanduku. "Mimi namlilia Shoto wangu, Mungu amlaze pema. Yule alikuwa akimbana kipepeo kifua, anakufa papo hapo, bawa halijachubuka. Huyo wako anamkunja mzima mzima, ajipige humo ndani mpaka mabawa yapukutike vumbi lote la rangi. Lete tuone katuletea vipara wangapi."

Akaanza kuzipekua karatasi bila kungoja jibu. Mwanamke alishika ukingo wa meza. Kulia. Kulia. Tena kulia. Bi Darubini alifika hadi chini ya sanduku, akasonya.

"Mikunjo yake ile ile. Wafungue mwenyewe, mimi vipara siwatazami kabla ya chai."

Mlango ulipofungwa, pumzi ilimtoka mwanamke kama aliyetua mzigo. Hakuna hata mmoja wa kushoto! Amejifunza, mpenzi wake, amefuzu kabisa.

Nje honi ililia. Asubuhi mpenzi wake alikuwa amemwomba kwa upole waende wote kule kwenye maporomoko, wawili tu, wakamwekee marehemu maua. Watu wajue tunamwomboleza, alimwambia. Naye alikubali, akaona ni wazo la mtu mwenye akili.

"Nakuja!" aliita.

Kabla ya kufunga sanduku, kwa furaha tu, alifunua karatasi moja. Vumbi la machungwa likamwagika mezani. Mabawa yalikuwa yamebaki uwazi mtupu, yamechanika kingoni. Aligusa kifua kwa ncha ya kucha. Kilikuwa kizima, hakikubanwa.

Akafunua ya pili. Vumbi.

Akafunua ya tatu, na ya nne. Kwenye ya tano kipepeo alikuwa bado anachezesha mguu.

Honi ililia tena. Aligeuka dirishani. Mumewe alikuwa ameshuka, amemfungulia mlango wa gari, anatabasamu, na anamwita kwa mkono wa kushoto.