Rafu ya Chini

Kwa sheria ya ligi, nguvu ya miguu ya mchezaji wa voliboli huchukuliwa kutoka kwa ndugu yake mmoja wa damu. Mimi nachukua kwa mama. Kila nikiruka masanduku mazoezini, misuli yangu inakaza na yake inalegea.

Leo nilimkuta jikoni, ameegemea ukuta, anahamisha sufuria kutoka rafu ya kati kwenda ya chini. Za rafu ya juu alizihamisha mwaka jana.

“Kocha Chuwa anasemaje?”

“Mruko wangu umeongezeka sentimita nne. Wananitaka timu ya taifa.”

“Hongera, Mwanaidi.” Akaitazama rafu ya chini. “Basi chumvi na sukari niwekee sakafuni kabisa.”

Nikaziweka, kisha nikambeba hadi kitandani. Sikuhisi uzito wowote.