Barua ya Kumwondoa Mzee Sinia

Mzee Sinia alianza kutafuna kabla mtangazaji hajamaliza kutaja jina la igizo, na Mutheu akaweka kisu chini. Hamu ya sukuma wiki aliyokuwa akiikata ilimwisha pale pale.

"Nyamazeni tusikie," alisema Awuor, mwenye kibanda cha mboga na mwenye redio, akaongeza sauti.

Kila Ijumaa alasiri wapangaji wa ploti moja mtaani Kware walikusanyika kibandani kwa Awuor. Katika igizo zima Mzee Sinia hakuwahi kutamka neno hata moja. Wenzake waligombana, wakaoana, wakashtakiana. Yeye alikula tu. Na ulaji wake ulikuwa na mtindo: nyam, nyam, nyam, kimya kidogo, kisha mfyonzo mrefu wa uboho, na mwisho ulimi ukagonga, ta. Watu walicheka wakashika mbavu. Mutheu aliziba masikio kwa viganja.

"Hiyo ni mfupa ya soko ya nyama ya Burma," alisema Javan, karani wa reli. "Naapa. Mguu ya ng'ombe."

"Mfupa gani? Hiyo ni miwa," Awuor akamkata. "Nyama ya kila wiki redio watatoa wapi?"

"Wewe Awuor, uboho umewahi kula ama unausikianga tu?"

Walibishana hivyo wiki nzima, kwenye foleni ya maji, kwenye ngazi, hata wakitoka kanisani. Wengine walidai si mtu, ni mashine. Watu wazima, wenye familia zao, wanapigania mate ya mtu wasiyemjua! Mutheu aliwaona wachafu kama huyo Sinia. Kilichomkata maini kabisa ni binti yake Ndindi, wa miaka minne, aliyekuwa amejifunza kufyonza kijiko, ta, mbele ya wageni wa kanisa.

"Angekuwa na adabu robo ya baba mkwe wangu," alikuwa akiwaambia.

Hapo hakuna aliyembishia. Mzee Kiema, baba yake Nzivo mumewe, alipanga chumba milango miwili kutoka kwao. Kwa Wakamba, baba mkwe hali chakula mbele ya mkaza mwana, na mzee huyu aliishika mila hiyo kwa mikono miwili. Miaka miwili Mutheu alimpelekea sahani iliyofunikwa, akabisha, akaiweka kwenye kigoda nje ya mlango, akaenda zake. Sahani ilirudi imeoshwa. Mutheu hakuwahi kumwona hata akipeleka kikombe mdomoni. Kodi ya chumba mzee alijilipia kwa kibarua chake cha mjini kila Alhamisi; kibarua gani, mkaza mwana haulizi. Mutheu alichojua ni kwamba bila chumba kile wangebanana wote mahali pamoja, na heshima ingekwisha.

Basi akaandika barua. Aliandika kwamba wamechoka kulishwa uchafu masikioni, kwamba Mzee Sinia anafundisha watoto ulafi, aondolewe. Javan alikataa kuitia sahihi. "Ukimtoa huyo, igizo imebaki na nini?" Awuor naye alikataa, akasema mboga zake huisha siku ya Sinia. Lakini akina mama wa kanisa walijaza ukurasa mzima kwa sahihi zao.

Alhamisi asubuhi alimkuta Mzee Kiema akifunga mlango, koti limepigwa pasi.

"Baba, utapita karibu na kituo cha redio?"

"Nitapita, Mama Ndindi."

Alimpa bahasha, akamweleza yaliyomo. Mzee aliigeuza, akaisoma anwani, akaigeuza tena.

"Na hawa wote wanachukizwa?"

"Wote, Baba. Mimi kuwashinda. Nikimsikia yule mtu siwezi hata kumeza mate."

Mzee aliitia bahasha mfuko wa ndani wa koti. "Itafika," alisema.

Ilifika. Wiki mbili baadaye, katikati ya igizo, jirani mmoja wa humo igizoni alitangaza kwamba Mzee Sinia alisakamwa na mfupa na amezikwa jana. Hakupewa hata tonge la mwisho. Javan aliinuka akaondoka bila kuaga mtu. Awuor alizima redio, akasema igizo limechacha. Mutheu alirudi nyumbani na furaha yake, akapika chapati siku isiyo ya sikukuu.

Mwisho wa mwezi Mzee Kiema alimrudishia mwenye ploti ufunguo. Kibarua kimeisha, alisema. Anarudi Kitui kwa basi la saa tisa. Mutheu aliumia. Nzivo alikuwa safarini Mombasa na lori, na mvua ya El Nino ilikuwa imeugeuza uwanja kuwa bwawa, kwa hiyo mzee hangeweza kusubiri nje. Ilibidi aingie kwao.

Mutheu alitundika leso zake mbili za kujifunga katikati ya chumba kama pazia. Mzee akapewa upande wa dirisha, pamoja na sanduku lake. Kwa kuwa kilikuwa chakula cha kumuaga, Mutheu alikuwa ameagiza supu nzito kutoka Burma, na mfupa wenyewe ndani. Aliisukuma sufuria ndogo na sahani chini ya leso bila kutazama, akarudi upande wake, akampakata Ndindi aliyekuwa na kijiko chake cha uji. Aliona aibu kwa niaba ya mzee, akageukia ukuta.

Mvua ilipiga mabati, kisha ikapungua.

Nyam, nyam, nyam. Kimya kidogo. Kisha mfyonzo mrefu, na ta.

Ndindi aliinua kichwa, akacheka, akafyonza kijiko chake kumjibu: ta.

Nyuma ya leso, mzee akaacha kutafuna.