Sato Mwenye Namba

Kila samaki wa ziwa la Mwanza alikuwa na namba. Wavuvi wa burudani walimvua, wakampiga picha, wakamrudisha majini; aliyemla alifungwa. Lugata alitii miaka tisa, hadi mama yake mgonjwa alipoomba mchuzi wa sato. Mchana huo akavua mmoja, akapita naye kwenye geti la walinzi wa ziwa, kamficha chini ya koti.

“Umepagawa, baba?” Nyamizi, mkewe, alifunga madirisha mbio. “Mashine ya nguzoni itanusa!”

“Fungueni,” mama akasema kitandani. “Samaki wa ziwa letu simli kama mwizi.”

Lugata akafungua yote. Mchuzi ukanukia hadi nje, na pale nguzoni taa nyekundu ikawaka. Kabla hawajamaliza kula, mlango ukagongwa kwa kishindo.

Lugata akaendelea kumtolea mama miba.

“Tunakula,” akajibu. “Subirini.”