Gari la Yunkai na Chaja Yake

"Gari nimeliona. Umeme je?" Mzee Zhuo aliuliza tena.

"Umeme bure, Baba Yunkai. Nimeshakwambia."

"Bure kwangu mimi ninayenunua, au bure kwa atakayeliendesha?"

Bibi Ke, mwenye duka, aliweka kikombe cha chai chini. Wateja walikuwa wamejaa mpaka nje, kama kila mwaka mwanzoni mwa Aprili, na mzee huyu alikuwa amemganda tangu duka lifunguliwe. "Kwa atakayeliendesha. Unampa mwanao gari, chaja inakwenda naye. Wewe utabaki na miguu yako."

"Na umeme hauna mwisho?"

"Hauna."

"Maana wapo watu wanaotoa gari kwa mkono huu, umeme wakaushika kwa mkono ule."

"Mpe la petroli, Zhuo!" Mama Pan, jirani yake, alidakia kutoka kwenye foleni. "Mimi mama mkwe nimemchukulia la petroli. Aungurume nalo, majirani wasilale!"

"Mama mkwe wako hata baiskeli hakuiweza," Bibi Ke akasema.

"Atajifunza. Muda anao."

Watu wakacheka. Zhuo hakucheka. Petroli hakuitaka, kwa sababu Yunkai hakuitaka. Kijana alipoacha kazi ya kiwandani alitamani gari la umeme abebe abiria mjini, akamwomba baba yake amsaidie malipo ya kwanza. Zhuo, kijiko cha uji mkononi, akamjibu mbele ya wageni kwamba mtu aliyeshindwa kukaa kiwandani hataweza kukaa kwenye usukani.

Yunkai akaenda kuchukua pikipiki ya umeme, kuukuu, akawa anapeleka chakula kwenye milango ya watu. Betri yake ilikuwa imechoka. Mara nyingi Suqin, mama yake, alimwona akiisukuma kupanda mtaa wao, mvua inamnyea, chakula cha mteja kinapoa. Zhuo naye alimwona, kutoka dirishani. Hakushuka kumsaidia.

Baba na mwana wakaacha kusemezana. Hata sasa, mwaka wa pili, lolote la kumfikia Yunkai lilipitia kwa mama. Mwambie paa limeezekwa upya. Mwambie binamu yake ameoa. Suqin alikuwa anakwenda, anamwambia, anarudi.

Lakini jana yake alikuwa amemwekea mumewe sharti. "Safari hii utasema mwenyewe. Ukifunga mdomo, gari linarudi dukani. Mimi simpelekei mwanangu gari la mtu aliyenuna."

Kununua gari hakukumtisha Zhuo. Kusema ndiko kulikomtisha.

"Andika jina lake," akamwambia Bibi Ke. "Kwenye gari, na kwenye chaja."

"Chaja pia?"

"Chaja pia. Asije mwenye nguvu akamsukuma pembeni. Yule hajui kugombana, anajua kunyamaza tu."

"Hilo karithi wapi?" Mama Pan akauliza, lakini kwa sauti ya chini.

Bibi Ke akachukua kalamu. Kisha akaandika Zhuo Yunkai mara mbili, kwa mwandiko wake mzuri, wala hakufanya mzaha tena. "Lifunikeni njiani," akasema. "Kuna manyunyu."

Mdogo wake Suqin alikuja na lori lake dogo. Wakalipakia gari, wakalifunika turubai. Njia ya kwa Yunkai hupanda kilima kati ya mashamba ya chai, na asubuhi ile ilikuwa imesongamana: familia nzima nzima, na matunda yao, na keki za mchele za kijani, kila mmoja anakwenda kuwaona watu wake. Suqin alikuwa amepakata bakuli la mbavu za nguruwe alizozipika kwa siki, maana Yunkai huzipenda hivyo. Zhuo alikaa mikono magotini, midomo inacheza.

"Unasema nini?" mkewe akamuuliza.

"Sisemi kitu."

"Basi hicho usichokisema, ukifika kiseme."

Shemeji aliwashushia gari na chaja yake, akasogea mbali kuvuta sigara. Suqin akapanga bakuli na vijiti vya kulia, akafuta matone ya mvua kwa kiganja.

"Yunkai," akasema, "baba yako amekuja." Kisha akamwachia mumewe nafasi.

Zhuo alisimama pale kama mtu aliyeitwa ofisini. Alitaka kusema habari ya kile kijiko cha uji, na ya dirisha. Suqin hakumsaidia.

"Nimekuletea gari," hatimaye akasema. "La umeme. Chaja yake hii hapa. Umeme ni wako, hakuna wa kukuuliza kitu." Akaisogeza chaja karibu na gari. "Hutasukuma tena."

Yunkai hakujibu. Suqin aligeuza uso upande wa mashamba.

Mzee akapiga magoti kwenye majani mabichi, akawasha kibiriti, akakikinga na upepo, akakisogeza kwenye tairi la karatasi, mbele ya jiwe la kaburi lenye picha ya mwanawe, ili moto umfikishie gari huko aliko.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," akasema. "Usije ukaungua."